Kabla ya Kuuza Kiwanja: Ufadhili wa Uzamili na Uzamivu Marekani

Barua yangu ya kwanza ya udahili kutoka chuo kikuu kimoja cha Marekani ilitufurahisha nyumbani kwa siku tatu. Siku ya nne tulisoma kiambatisho chake kwa makini, tukakuta kwamba chuo kisingetoa fomu ya I-20, ambayo bila kuwa nayo mwombaji wa viza ya mwanafunzi hafiki mbali, mpaka nionyeshe taarifa ya benki yenye fedha za kutosha ada na matumizi ya mwaka mzima wa kwanza, na jumla yake ilizidi dola 40,000. Baba mdogo aliitisha kikao cha ukoo, na pendekezo lililotoka ni kuuza kiwanja cha familia kilichoko Kibaha, ambacho bei yake isingefikia hata nusu ya fedha hizo. Nilikataa na kuiacha barua ile ipite. Mwaka uliofuata niliondoka nikiwa na ufadhili kamili, na kiwanja kikabaki cha familia.

Kosa langu la mwaka ule wa kwanza lilikuwa kudhani kwamba anayekupa nafasi ya kusoma ndiye pia atakayekufikiria habari ya fedha. Baada ya kupata barua, niliiandikia ofisi ya misaada ya fedha ya chuo, nikajibiwa kwamba nijaze FAFSA, ambayo ni fomu ya serikali kuu ya Marekani. Nilipoteza wiki mbili kabla ya kuelewa kwamba misaada inayopitia fomu hiyo ni ya raia, wenye ukaazi wa kudumu na makundi machache mengine, wala haimhusu mtu anayekwenda kwa F-1, yaani viza ya mwanafunzi. Ndugu zetu walioingia Marekani kama wakimbizi, wakiwamo wengi kutoka Kongo na Burundi, wao wana haki ya kuijaza na wasiache kufanya hivyo. Wajue tu kwamba kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2025, wakopaji wapya wa masomo ya uzamili wa kawaida, kuanzia Julai 1, 2026, wamewekewa kikomo cha mkopo wa serikali kuu cha dola 20,500 kwa mwaka, na ule mkopo wa ziada uliokuwa ukiziba pengo lililobaki umefungwa kwao.

Kwa sisi wengine, fedha ziko idarani. Vyuo vikuu vikubwa vya Marekani huwatumia wanafunzi wa uzamili na uzamivu kufundisha madarasa ya mwaka wa kwanza, kusahihisha kazi, kusimamia maabara na kufanya utafiti wa maprofesa, na kwa malipo ya kazi hiyo mwanafunzi husamehewa ada yote au sehemu yake na kupewa posho ya kila mwezi. Vyuo vingi huongeza na bima ya afya. Kazi yenyewe huwa ya saa 20 kwa wiki au pungufu, na saa 20 ndicho kikomo ambacho mwenye viza ya F-1 anaruhusiwa kufanya kazi chuoni wakati wa muhula. Wanaoamua nani apate nafasi hizo ni kamati ya idara au profesa mwenye fedha za utafiti. Ndiyo maana mara ya pili sikuanza na fomu ya maombi. Nilianza kwa kuandika barua pepe kwa mratibu wa masomo ya uzamili wa kila idara niliyoilenga, nikimuuliza maswali matatu: je, idara hufadhili wanafunzi wa uzamili au wa uzamivu peke yao, je, mwombaji kutoka nje huingizwa moja kwa moja katika kufikiriwa au ana fomu nyingine ya kujaza, na tarehe ya mwisho ya wanaotaka ufadhili ni ipi. Swali hilo la tatu ndilo lililoniokoa, kwa sababu katika idara iliyonichukua tarehe hiyo ilitangulia tarehe ya kawaida ya maombi kwa zaidi ya mwezi.

Mimi niliingia kwa mlango wa Kiswahili, na ninauzungumzia kwa kirefu kwa kuwa ni mlango ambao wengi wetu tunaupita bila kuubisha. Kiswahili kinafundishwa katika vyuo kama Wisconsin-Madison, Indiana kule Bloomington na Ohio University, na walimu wa madarasa ya mwanzo mara nyingi ni wanafunzi wa uzamili au uzamivu, ambao wengine hawasomi lugha kabisa. Wapo wa elimu, wa historia na wa mawasiliano. Inakubidi uandike barua mbili, moja kwa idara unayotaka kusoma na nyingine kwa mratibu wa programu ya lugha za Kiafrika, kisha umjulishe kila mmoja kuhusu mwenzake. Usidhani kuzaliwa na lugha kunatosha. Niliulizwa ningemwelezaje mwanafunzi Mmarekani kwa nini tunasema “kitabu changu” lakini “gari langu”, na namshukuru mwalimu wangu wa isimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwamba nilikuwa na jibu. Vyuo vingi pia vinadai alama maalumu ya kuzungumza Kiingereza kwa yeyote atakayefundisha, hivyo jiandae kwa sehemu hiyo ya mtihani wa Kiingereza zaidi ya nyingine. Uliza vilevile nafasi hiyo inalipwa na nani, maana baadhi ya programu hizi zimekuwa zikitegemea fedha za serikali kuu, ambazo haziahidiwi milele.

Wapo wanaokwenda kwa programu ya Fulbright, ya serikali ya Marekani, ya wasaidizi wa kufundisha lugha, nayo ni heshima kubwa. Ni ya mwaka mmoja wa masomo, haitoi shahada, na viza yake ya J-1 humfunga mshiriki na sharti la kurudi kwao miaka miwili kabla ya kuomba baadhi ya viza nyingine, zikiwamo za kazi na za ukaazi wa kudumu. Lipime sharti hilo mapema dhidi ya mipango yako.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wetu hawaambiwi: katika fani nyingi za sayansi na sanaa, uzamivu hufadhiliwa kwa urahisi kuliko uzamili, na vyuo vingi vya Marekani humpokea mtu mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja katika uzamivu. Shahada za uzamili za biashara na afya ya jamii, kinyume chake, wengi huzilipia wenyewe. Anayetaka uzamili wa mwaka mmoja tu, na ana uzoefu wa kazi wa miaka miwili, afadhali atazame Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza; na anayependa kubaki Afrika Mashariki aangalie ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani, wa masomo yanayofanyika ndani ya kanda.

Barua ya ufadhili ikifika, usiisaini usiku huohuo. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kumpa mwombaji hadi Aprili 15 kujibu, na muda huo ni wa kuuliza. Msamaha wa ada mara nyingi haugusi michango mingine ya chuo, ambayo mimi nilikatwa mamia ya dola kila muhula. Posho yangu ilikuwa ya miezi tisa, na kuanzia Juni hadi Agosti sikuwa na kipato mpaka nilipopata kazi ya maktaba. Kodi nayo ipo, kwani Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani ambao ungetupunguzia, hivyo usipange matumizi kwa tarakimu iliyoandikwa kwenye barua.

La mwisho ni fedha za kufikia. Nilifika katikati ya Agosti, na malipo ya kwanza yakaingia mwishoni mwa Septemba, ilhali mwenye nyumba alitaka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana siku ya kukabidhiwa funguo. Dada mmoja Mkenya, aliyenitangulia mwaka mmoja, alinikopesha godoro, sufuria mbili na dola 300. Ukiwa bado nyumbani, muulize mratibu tarehe ya malipo ya kwanza na kama chuo hutoa mkopo mdogo wa dharura kwa wanafunzi wapya. Changu kilikuwa nao, nami niliujua Oktoba.