Kabla hujamwekea mtu Debian, muulize printa yake

Mkuu, umeuliza swali ambalo ningeshukuru sana kama mtu angenijibu mimi mwaka 2008. Unaipenda Debian, mfumo endeshi wa bure wa familia ya Linux unaowekwa kwenye kompyuta badala ya Windows, wewe si programa, huna hela ya kufadhili chochote, na unataka kujitolea kuitangaza mjini kwenu: uanzie wapi? Waliotangulia wamekushauri uchape stika na uandae semina. Sina ugomvi na stika. Semina nimeshaandaa, na mashine ninazozijua ambazo mpaka leo zina Debian hakuna hata moja iliyotokana na semina. Ndiyo maana naomba nikujibu kwa urefu.

Mimi nilianza na Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux uliojengwa juu ya Debian. Kuanzia 2005 mpaka 2011, Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa inatuma CD za Ubuntu bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Mpango wenyewe uliitwa ShipIt. Nikaomba kwa kutumia sanduku la posta la ofisini kwa mjomba, hapa Morogoro, na baada ya wiki kadhaa akanipigia nikachukue bahasha. Wakati huo intaneti tulikuwa tunailipia kafe kwa nusu saa, na kupakua megabaiti 700 hakuna aliyethubutu, kwa hiyo CD zile zilikuwa mali. Nilizigawa zote hosteli ndani ya siku mbili, roho imejaa. Mwezi uliofuata nikapita chumba kwa chumba kuulizia. Mbili hazikuwa zimefunguliwa, moja ilikuwa imening'inizwa dirishani, na hapakuwa na kompyuta hata moja yenye Ubuntu.

Nikajiambia tatizo ni kwamba watu hawajui kuiweka, basi nitawawekea mwenyewe. Hapo ndipo nilipokosea zaidi.

Mwaka 2010 kulikuwa na mama mmoja mwenye stesheneri karibu na stendi ya Msamvu. Alikuwa na kompyuta mbili, mashine ya fotokopi na printa moja ya leza. Flashi za wateja zilikuwa zinamletea wale virusi wanaoficha mafaili na kumwachia mtu shortcut tupu, na kila baada ya wiki mbili tatu ilibidi amwite fundi aje apige window upya, kwa hela. Nikamwambia nitamwekea mfumo endeshi ambao virusi hao hawauwezi, na sitamdai kitu. Akakubali. Jumapili jioni nikazifuta zote mbili nikaweka Linux, nikamwonyesha pa kuandikia barua, nikaenda zangu.

Jumatatu saa tatu asubuhi simu yake ilinikuta darasani. "Mwanangu njoo, watu wamejaa na hii kitu haiprinti." Nilikuta foleni mpaka nje, wanafunzi wa mwaka wa mwisho na ripoti zao za field, wengine wana basi la saa sita. Nikajaribu draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa) ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara printa ilinguruma, ikavuta karatasi nyeupe, ikaitoa nyeupe vilevile. Wateja wakaanza kuondoka mmoja mmoja kuvuka barabara kwenda duka la pili. Saa nane mchana akamwita fundi wake wa siku zote. Hakunigombeza. Alinipa soda, akaniambia, "Nia yako nzuri mwanangu, lakini leo sijauza."

Sikuigusa kompyuta ya mtu mwingine kwa karibu mwaka mzima baada ya hapo.

Kilichonirudisha ni Debian yenyewe, na hasa karatasi moja. Unajua historia: Ian Murdock aliitangaza tarehe 16 Agosti 1993 akiwa mwanafunzi, jina akaliunganisha kutoka Debra, aliyekuwa mpenzi wake, na Ian. Mwaka 1997 mradi ukapitisha Mkataba wake wa Kijamii, vipengele vitano tu. Kipengele cha tatu kinasema hawataficha matatizo, na kweli orodha yao ya hitilafu iko wazi, mtu yeyote anaisoma. Nilipokisoma nilimfikiria yule mama moja kwa moja. Mimi nilimficha tatizo. Sikumdanganya, ila sikumuuliza na sikumwambia, na kwake matokeo yalikuwa yaleyale. Tangu hapo kila ninayemwekea Debian nahakikisha amesikia kwanza itakachoshindwa.

Kwa hiyo, mkuu, kazi yako ya kwanza ni kununua daftari. Mtu akikuambia anataka, usifungue flashi. Kaa naye umuulize: una printa gani, namba ya modeli ni ipi? Unaingia intaneti kwa simu, kwa modemu au kwa Wi-Fi? Kuna programu ya mahesabu ambayo bila hiyo biashara inasimama? Mtoto ana mtihani lini? Mafaili yako yako wapi, na yana nakala nyingine? Halafu buti (washa) mashine yake kwa flashi ya live, yaani Debian ikiendeshwa kutoka kwenye flashi yenyewe, bila kufuta kitu, uprinti karatasi moja, ucheze wimbo mmoja, ufungue ukurasa mmoja wa intaneti. Ikigoma hata moja kati ya hizo, mwambie palepale na umwache na Windows yake mpaka upate suluhisho. Wapo niliowaambia "kwa kazi yako usihame", na wawili kati yao ndio walioniletea wateja wengi kuliko mtu yeyote, kwa sababu waliona sikuwa nawauzia.

Upande wa Wi-Fi siku hizi ni nafuu. Zamani kisakinishi cha Debian kilikuwa kinakuja bila zile firmware zisizo huria (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama kadi ya Wi-Fi), na laptopu nyingi zikawa hazioni mtandao mpaka uhangaike. Mwaka 2022 wanachama wakapiga kura kuziruhusu, na tangu Debian 12 ya Juni 2023 zinakuja humohumo. Modemu za USB za zile zinazojitambulisha kama CD zinahitaji kifurushi (programu ya Debian iliyofungwa tayari kuwekwa) kiitwacho usb-modeswitch. Kiweke kabla hujaondoka, maana bila intaneti mwenyewe hataweza kukipata.

Ukitaka tangazo, hili hapa, na halina gharama. Kaa stesheneri au ofisini na laptopu yako. Subiri mtu mwenye flashi ambayo mafolda yake yamegeuka shortcut, hakosekani. Mwambie aichomeke kwako. Virusi hao wanayaficha mafaili kwa alama ambayo Windows inaiheshimu na Linux haijali, kwa hiyo mara nyingi folda linafunguka na kila kitu kipo: CV, picha za harusi, ripoti. Nimemwona askari mtu mzima akikaa chini kwa furaha baada ya kuona picha za marehemu mama yake. Hapo huhitaji kuhubiri, atauliza mwenyewe "hii ni nini?" Ila usimwambie Linux haina virusi kabisa. Mwambie ukweli, kwamba hao wa Windows hawafanyi kazi humu na kwamba masasisho ya usalama yanahitajika kama kwingine.

Sasa shule. Hapa ndipo napenda mtu mwenye moyo wa kujitolea aweke nguvu zake. Kuna sekondari moja upande wa Kihonda iliyokuwa na chumba cha kompyuta kilichofungwa kwa kufuli. Ndani mlikuwa na mashine 14 zinazowaka, RAM gigabaiti mbili au nne, Windows iliyojaa takataka. Wakati ule kulikuwa na mazungumzo kwamba Windows 10 itafikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zile haziwezi kupokea Windows 11, ambayo inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa mpya zaidi. Mwalimu wa taaluma alikuwa anafikiria kuziuza kama vyuma chakavu. Tukaweka Debian na Xfce, eneokazi jepesi linalotosha kabisa mashine za namna hiyo. Ukifanya hivi leo angalia kwanza kama prosesa ni ya biti 64, kwa sababu Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32.

Bando lingetumaliza, maana kila mashine kupakua vifurushi vyake ni gigabaiti kadhaa mara 14. Nilipakua nyumbani usiku mara moja, nikaweka kwenye hard disk ya nje, na mashine moja ikawa ndiyo inayowagawia wenzake kwa programu ya apt-cacher-ng. Jifunze hiyo, itakuokoa. Tukawawekea LibreOffice ya kuandikia na mahesabu, GCompris ya michezo ya kujifunzia, na Kiwix yenye Wikipedia ya Kiswahili isiyohitaji intaneti. Nikachagua lugha ya sw_TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania, kwa tarehe. Mwalimu mmoja wa Kiswahili, mama karibu na kustaafu, alisogea kwenye skrini akasoma kwa sauti, "Jumanne." Akarudia. Akawaita wenzake waje waone kompyuta imeandika Jumanne.

Lakini kilichokifanya chumba kile kiendelee si siku ile. Nilirudi kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Jumamosi ya pili mashine nne zilikuwa hazibuti kwa sababu umeme ulikatika katikati ya sasisho. Wanafunzi wawili wa kidato cha tatu walikaa nami tukazifufua, na Jumamosi ya sita walinikuta wameshafufua moja bila mimi. Hao wawili ndio kazi yangu, zile mashine ni ziada. Ukiniuliza nahesabuje, sihesabu nilizoweka, nahesabu zinazowaka na Debian baada ya miezi mitatu, na nani mtaani anaweza kuzirekebisha nisipokuwepo.

Utaulizwa sana "unalipwa na nani?" Usikasirike. Watu wetu wameshaletewa vya bure vingi vyenye ndoano ndani. Waambie wazi kwamba Debian haina kampuni inayoimiliki, kiongozi wake anachaguliwa na wanachama kila mwaka kwa kura, na michango inatunzwa na mashirika yasiyo ya faida kama Software in the Public Interest. Debian 13 ina vifurushi zaidi ya 69,000 na wengi wanaovitunza ni watu wanaojitolea kama wewe. Nauli nikipewa napokea, na nasema napokea.

Na hilo la "mimi si programa" liondoe kabisa. Mwaka 2010 Debian ilipiga kura kwamba watu wanaochangia bila kutengeneza vifurushi, yaani watafsiri, waandishi, waandaaji wa matukio, nao wanaweza kuwa wanachama kamili wenye haki ya kupiga kura. Kiswahili kinahitaji mikono. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kwenye mradi wa KiLinux uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nzima ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, na niliwahi kuitumia. Tafsiri ni kama shamba, toleo jipya likija na maneno mapya lazima mtu apalilie. Anza na programu moja unayoitumia kila siku. Na ukikuta hitilafu, amri ya reportbug itakuongoza namna ya kuiripoti, hata kama Kiingereza chako ni cha kawaida. Yangu ya kwanza ilikuwa na mistari minne na nilijibiwa kwa heshima.

Ukitaka siku ya tukio, tarehe 16 Agosti ndiyo siku ya kuzaliwa ya Debian, na Jumamosi ya tatu ya Septemba huwa ni Siku ya Uhuru wa Programu. Badala ya semina, ifanye siku ya watu kuleta mashine zao: meza tatu, soketi za kutosha, hard disk mbili za kuhifadhia mafaili yao kwanza, na daftari. Usiifanye karibu na mitihani ya kidato cha nne.

Umesema mteja wako wa kwanza ni shemeji yako mwenye duka la dawa. Kabla hujafuta chochote, weka hapa modeli ya printa yake na jina la programu anayotumia kutoa risiti, tuangalie kwanza.