Utomvu wa misindano kuwa bigijii: inawezekana, lakini...

Mdogo wangu wa Mafinga, umeuliza kama utomvu wa misindano (paini) unaweza kutafunwa kama bigijii, upate ya kuuza stendi. Kutafunwa unatafunwa. Marekani, John Curtis aliuza ya utomvu wa sprusi tangu 1848, na sprusi ni ndugu wa msindano.

Ila usiguse ule wa kwenye vifuko vya wagemaji. Wanaogema kibiashara mara nyingi hupaka gome dawa yenye asidi ili utomvu usiache kutoka upesi. Na ule mbichi unaonata una tapentaini nyingi, utakuchoma ulimi bure. Tafuta mabonge yaliyokauka yenyewe kwenye jeraha la mti, tena mti wa kwenu, maana shamba la Sao Hill ni la serikali na lina taratibu zake.

Weka mabonge kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, nje ya nyumba, mbali na moto wa wazi: mvuke wake unawaka. Chuja kwa kitambaa, ongeza nta ya nyuki kidogo na asali. Kopo hilo halitarudi jikoni, mweleze mama mapema.

Ukitafuna, mwanzo unavunjika kama chaki, mchungu, kisha unashikana. Usimeze. Mjamzito au mwenye mzio aache.

Kuuza? Mimi nisingeuza kabla haijapimwa na TBS, shirika la viwango. Na utomvu mweupe wa mnyaa usijaribu kabisa, unaweza kupofusha macho.