Nenosiri la benki kwenye programu ya bajeti

Ndugu, umeuliza kama ni salama kuipa programu ya bajeti nenosiri lako la benki hapo Marekani. Angalia kwanza unaliandika wapi. Ukichagua benki yako, tuseme Chase, ukapelekwa kwenye ukurasa wa Chase wenyewe (soma anwani juu, usiangalie nembo), ukaingia huko na kuchagua akaunti za kuonyesha, hapo sawa: programu inapewa ruhusa tu, nenosiri hailioni. Lakini kama unaliandika ndani ya programu ileile, umeshawakabidhi funguo. Nembo zinadanganya kweli. Plaid, kampuni inayounganisha programu nyingi na benki huko, walishtakiwa kwamba kurasa zao zilifanana na za benki. Wakakubali kulipa dola milioni 58, ingawa walikana kosa.

Mimi nimeunganisha akaunti ya matumizi tu, ya akiba hapana. Halafu kitu wengi wanasahau: kufuta programu kwenye simu hakukati ruhusa. Ingia kwenye akaunti yako ya benki, tafuta orodha ya programu zilizounganishwa, uikate hukohuko, kisha badilisha nenosiri kama uliwahi kuwapa.