Maswali na majibu: wanasiasa wa Marekani wenye jina moja la ukoo

Tangu tulipotaja katika safu iliyopita kwamba marais wawili wa Marekani waliitwa Johnson, wasomaji kadhaa wametuandikia wakitaka kujua nani ni ndugu wa nani. Tumechagua maswali sita na kuyafupisha.

Ni majina gani ya ukoo yaliyobebwa na marais zaidi ya mmoja, na je, wote walikuwa ndugu?

Majina ni matano, na kila moja lina marais wawili: Adams, Harrison, Johnson, Roosevelt na Bush. Ukiwaondoa akina Johnson, ambao tutawarudia, waliobaki ni watu wa damu moja, wengine karibu na wengine mbali. John Adams, rais wa pili, alimzaa John Quincy Adams, rais wa sita; na George H. W. Bush, aliyetawala kuanzia 1989 hadi 1993, alimzaa George W. Bush, aliyeapishwa 2001. William Henry Harrison, aliyefariki mwaka 1841 baada ya kukaa madarakani mwezi mmoja tu, alikuwa babu yake Benjamin Harrison, aliyeapishwa 1889.

Katikati ya akina Harrison hao wawili yumo mtu ambaye waandishi wa historia humpita haraka. John Scott Harrison, aliyewahi kuwa mbunge kutoka Ohio, ndiye mtu pekee katika nchi hiyo aliyekuwa mtoto wa rais na pia baba wa rais. Alifariki Mei 1878 na kuzikwa North Bend. Siku ya maziko waombolezaji waliona kwamba kaburi la jirani limefukuliwa na maiti imeibwa, kwani zama hizo vyuo vya udaktari vilinunua maiti za kufundishia bila kuuliza sana zilikotoka. Familia ikaliziba kaburi la mzee wao kwa mawe mazito na kuweka mlinzi. Kesho yake mwanawe mmoja alikwenda Cincinnati kuitafuta maiti ya yule jirani katika Chuo cha Udaktari cha Ohio, akakuta mwili wa mzee unaning'inia kwa kamba ndani ya shimo la jengo, uso umefunikwa kitambaa. Kitambaa kilipoondolewa, alimtambua baba yake mwenyewe. Benjamin, ndugu yake, alikuwa bado na miaka zaidi ya kumi kabla ya kuwa rais.

Kama akina Johnson si ndugu, mbona maisha yao yanafanana mno?

Yanafanana kwa sababu ya mazingira. Andrew Johnson alizaliwa North Carolina mwaka 1808 na Lyndon Johnson alizaliwa Texas mwaka 1908. Wote wawili ni watu wa Kusini, wote walikuwa makamu wa rais, na wote walipanda baada ya rais kupigwa risasi, mmoja baada ya Lincoln mwaka 1865 na mwingine baada ya Kennedy mwaka 1963. Hakuna undugu wowote baina yao. Johnson ni miongoni mwa majina yaliyoenea mno Marekani, kama ambavyo kwetu mtu hashangai kukutana na akina Juma watatu katika daladala moja.

Wanaopenda kuhesabu ulinganifu wa miaka huwa wanaliacha jambo lililo zito zaidi. Mwaka 1866 Andrew alikataa kutia saini sheria ya haki za kiraia iliyowapa uraia watu weusi waliotoka utumwani, na Bunge likaipitisha bila ridhaa yake. Miaka miwili baadaye alishtakiwa mbele ya Seneti, akanusurika kwa upungufu wa kura moja tu. Lyndon ndiye aliyetia saini Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Ukitaka kuwakumbuka kwa pamoja, wakumbuke kwa hilo.

Theodore Roosevelt na Franklin Roosevelt walikuwa ndugu kwa kiasi gani?

Kwa mbali sana. Unapaswa kupanda vizazi sita ili kumpata babu yao wa pamoja, mtoto wa Mholanzi aliyehamia New York ilipokuwa bado inaitwa New Amsterdam. Matawi mawili ya ukoo huo yalikaa mahali tofauti na hata kufuata vyama tofauti: Theodore, wa tawi la Oyster Bay, alikuwa Mrepublican, Franklin, wa tawi la Hyde Park, alikuwa Mdemokrat. Huyo Theodore ndiye yule aliyeshuka Mombasa Aprili 1909, mara tu baada ya kuacha urais, akapanda reli ya Uganda kwenda kuwinda, na sehemu ya safari akaketi kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya injini ili atazame wanyama.

Kilichowasogeza karibu ni ndoa. Franklin alimwoa Eleanor, ambaye hakuhitaji kubadili jina kwa kuwa alizaliwa Roosevelt: baba yake, Elliott, alikuwa mdogo wake Theodore. Kwa hesabu yetu, basi, Theodore alikuwa baba yake mkubwa, na kwa kuwa Elliott alikwisha kufariki, ni huyo baba mkubwa, wakati huo akiwa rais, aliyemkabidhi bibi harusi huko New York Machi 1905. Mwenye kupenda kupima nasaba kwa Kiswahili ataona zaidi ya hapo. Franklin na Theodore walikuwa kizazi kimoja, kwa hiyo Eleanor aliolewa na mtu ambaye, kwa jina la heshima, angeweza kumwita baba mdogo.

Katika karne ya 19 New York ilikuwa na akina Clinton mashuhuri. Je, Bill Clinton ni wa ukoo wao?

Hapana, na sababu yake ni fupi. George Clinton alikuwa makamu wa rais kuanzia 1805 hadi 1812, na mtoto wa kaka yake, DeWitt Clinton, ndiye gavana aliyesimamia uchimbaji wa Mfereji wa Erie, uliofunguliwa 1825. Bill alizaliwa Arkansas mwaka 1946 akiitwa William Jefferson Blythe, miezi michache baada ya baba yake kufa katika ajali ya gari. Clinton ni jina la baba wa kambo, na alilichukua rasmi akiwa kijana wa shule. Gerald Ford naye alizaliwa akiitwa Leslie King, akakua kwa jina la baba wa kambo.

Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa Chicago, ana uhusiano na George Washington?

George Washington hakuacha mtoto wa kumzaa. Jina hilo limeenea sana miongoni mwa Wamarekani weusi kwa njia nyingine: utumwa ulipokwisha, watu walihitaji jina la pili mbele ya karani na mwalimu, na baadhi walichukua la aliyekuwa bwana wao huku wengine wakijichagulia. Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi aliyezaliwa mtumwa Virginia, alisimulia kwamba alipoanza shule na kusikia wenzake wakiitwa kwa majina mawili, yeye akiwa na moja tu, alijipa Washington papo hapo zamu yake ilipofika. Harold alichaguliwa 1983, katika mji ambao jina lake la ukoo lilikuwa la kawaida kabisa.

Je, mtu anaweza kushinda uchaguzi kwa sababu tu ya kufanana jina na mwingine?

Anaweza. Robert Casey, mkaguzi mkuu wa hesabu wa jimbo la Pennsylvania, alikuwa na sifa njema kiasi kwamba mwaka 1976 Robert Casey mwingine, asiye ndugu yake, aligombea uweka hazina wa jimbo akashinda. Mwaka 1978 yule wa kwanza aligombea ugavana katika mchujo wa Wademokrat akashindwa, na katika mchujo huohuo Casey wa tatu, mwalimu aliyekuwa pia akiuza aiskrimu, akapata uteuzi wa kugombea unaibu gavana. Msomaji wa Tanzania au Kenya, aliyezoea kuona picha ya mgombea kwenye karatasi ya kura, atashangaa. Lakini karatasi ya Pennsylvania haikuwa na picha, na kwa vyeo vya chini wapiga kura wengi hutia alama penye jina walilowahi kulisikia. Mwaka 1986 Casey wa kwanza alizunguka jimbo zima akijinadi kuwa yeye ndiye Bob Casey wa kweli, na safari hiyo akaupata ugavana. Mwanawe, Bob Casey pia, aliingia Seneti mwaka 2007 na kukaa humo hadi mwanzoni mwa 2025.