Zawadi ya biharusi wa kisiwani: anza na aliyeshindwa kuja

Nimeshahudhuria harusi tatu za kisiwani, na katika mbili za mwanzo zawadi yangu ilinitia aibu. Nawaandikia wale ambao tiketi wameshakata, nguo wameshashona, halafu usiku mmoja wanashtuka: zawadi je?

Ya kwanza ilikuwa harusi ya binamu yangu. Nilimbebea picha kubwa ya ukoo mzima, fremu ya mbao na kioo juu. Nilijiona nimepatia. Boti sikuifikiria kabisa. Bahari haikuchafuka siku ile, ulikuwa mtikisiko wa kawaida tu, lakini mzigo wangu uliwekwa chini na begi la mtu likalazwa juu yake. Nilipofungua, kioo kilikuwa chengachenga na shangazi amechanika shavu. Na hata kingefika kizima, binamu angekipeleka wapi? Biharusi wa kisiwani huondoka kama alivyokuja, kwa boti au kwa ndege ndogo, na ndege hizo mara nyingi haziruhusu mzigo wa zaidi ya kilo 15 au 20. Ana gauni, ana viatu, ana mabegi ya mume. Tangu siku hiyo kipimo changu ni kiganja. Kitu kisichokaa kiganjani nakituma nyumbani kwake baada ya wiki mbili, au nakiacha.

Harusi ya pili nikajifanya mjanja. Nikanunua bangili ya fedha, nikamwomba sonara achonge latitudo na longitudo za ufuo walipofungia ndoa. Wazo si baya. Ukiweka tarakimu nne baada ya nukta, unaonyesha mahali kwa tofauti ya kama mita 11 tu, yaani karibu na pale pale waliposimama. Kisiwa kilikuwa kusini mwa ikweta. Mimi nilinakili namba kutoka kwenye simu, nikasahau alama ya kutoa inayoonyesha kusini. Sonara akachonga alichopewa. Aliyegundua ni bwana harusi mwenyewe: aliziingiza namba kwenye simu yake mezani, kisha akawatangazia wageni kwamba, kwa mujibu wa bangili, yeye na mkewe wameoana upande wa pili wa ikweta, katikati ya maji. Ukumbi ulicheka. Nami nilicheka, meno tu.

Kwa hiyo maandishi ya kuchonga, mpe mtu mwingine ayasome kabla hujampelekea sonara. Jina, tarehe, herufi moja moja.

Na madini yenyewe yafikirie. Fedha inayogongwa muhuri wa 925 ina asilimia 92.5 ya fedha halisi, na kilichobaki kwa kawaida ni shaba. Kwenye hewa yenye unyevu inapiga weusi haraka. Haijaharibika, kitambaa laini kinairudisha, ila mwambie biharusi mapema asije akadhani umemtapeli. Dhahabu haina tatizo hilo kwa kiwango hicho: ya karati 18 ni asilimia 75 dhahabu, ya karati 14 ni asilimia 58.5 hivi na ni ngumu zaidi kwa mtu asiyevua pete hata akiosha vyombo. Kilichopakwa rangi ya dhahabu juu juu, kiache. Jasho na mchanga vitakiumbua.

Lulu nazo watu huzikimbilia kwa sababu ya bahari, na siwalaumu. Chaza huijenga tabaka juu ya tabaka, na ukiisogeza karibu na taa unaona mng'ao unatoka ndani, hauko juu tu. Lakini lulu ni laini kuliko inavyoonekana. Manukato, dawa ya kupulizia nywele, jasho, hata maji ya ndimu, vyote vinaila. Ukimpa lulu, mpe na maelekezo: iwe ya mwisho kuvaa na ya kwanza kuvua.

Kuna vishawishi vya ufukweni pia. Unatembea jioni, unaona kitana cha gamba la kasa, kipande cha tumbawe, kombe kubwa linalong'aa, unasema hiki ndicho. Subiri kwanza. Mkataba wa CITES, wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao umekuwa ukifanya kazi tangu 1975, umepiga marufuku biashara ya kimataifa ya gamba la kasa aina ya ng'amba, na matumbawe magumu nayo yamo kwenye orodha ya vitu vinavyohitaji kibali kuvuka mpaka. Utakuwa umemzawadia biharusi mahojiano na maofisa wa forodha. Hata mchanga! Kisiwani Sardinia, Italia, sheria ya 2017 imeweka faini ya euro 500 hadi 3,000 kwa anayechukua mchanga, kokoto au makombe ya ufukweni. Na tuseme kweli, kichupa cha mchanga kinamkumbusha nani? Kila mgeni ameondoka na mchanga kwenye viatu.

Harusi ya tatu ilikuwa ya rafiki yangu wa tangu shule, na hapo ndipo nilipofahamu kitu nilichopaswa kukijua mapema. Harusi ya kisiwani huacha watu nyuma. Nauli inamshinda mmoja, likizo inamnyima mwingine, na wazee wengine boti hawapandi. Biharusi anacheka na wageni, lakini macho yanahesabu viti. Kwa rafiki yangu kiti kilichokuwa kitupu ni cha bibi yake, mama wa mama yake, fundi cherehani mstaafu ambaye magoti yalishamkatalia safari.

Nilikwenda kumwona wiki moja kabla. Nilikosea kuanza kwa kumuuliza, "Bibi, ungependa kumwambia nini?" Akaanza kunipa hotuba, kisha akalia, kisha akanyamaza. Nikabadili swali: "Una kitu chochote ulichokuwa ukikitumia, kidogo tu?" Hapo akaamka. Akaleta mkebe wa vifungo, akaumwaga kitandani, akapekua kwa kidole cha shahada hadi akakipata kimoja cha kahawia, matundu manne, kimemeguka pembeni. "Hiki nilikishona kwenye gauni la mama yake siku alipoolewa. Kilikatika akicheza. Nikasema nitakirudisha, sikukirudisha."

Nikampa penseli na kipande cha karatasi nene, akaandika sentensi hiyo hiyo kwa mkono wake unaotetemeka. Penseli kwa makusudi: haififii kwa mwanga kama wino wa kalamu nyingi. Kifungo nikakishona mwenyewe kwenye utepe mweupe. Hiyo ndiyo zawadi yote. Ungeweza kuificha ndani ya kiganja ukafunga ngumi.

Nilimpa jioni ya kuamkia harusi, chumbani, tukiwa wawili na dada yake. Usimpe kitu cha namna hii mezani mbele ya wageni, wala asubuhi ya siku yenyewe akishapambwa uso, utaharibu kazi ya watu. Alisoma mara mbili. Hakusema asante. Aliuliza, "Alikitoa kwenye mkebe ule wa biskuti?" Kesho yake utepe ulikuwa umefungwa kwenye vikonyo vya shada lake la maua.

Ukitaka kufanya hivi, mwulize kwanza ndugu mmoja wa biharusi. Kuna ambaye hakuja kwa sababu ya ugomvi, na huyo si wa kumbebea kifungo. Usichukue kitu cha thamani ambacho familia itakigombania baadaye. Kama mtu hana kitu, rekodi sauti yake, lakini hifadhi nakala zaidi ya moja, maana simu hupotea na sauti huenda nayo.

Waliporudi kutoka fungate, rafiki yangu alikwenda na utepe kumwonyesha bibi. Mzee akavaa miwani, akakivuta kifungo mara moja, akatikisa kichwa. "Nani ameshona hivi?" Akaomba sindano, akaifumua kazi yangu yote, akaanza upya.