Mungu Kumtumia Mtawala Si Kumpa Cheti cha Uadilifu

Vita vikizuka au uchaguzi mkubwa ukikaribia, watu wa kundi la kujifunza Biblia ninaloliongoza huja na maswali mawili. Kiongozi huyu ndiye mnyama yupi wa kitabu cha Ufunuo? Na je, ni kweli huyu kachaguliwa na Mungu?

La kwanza silipi muda mwingi. Napoleon naye aliitwa Mpinga Kristo enzi zake, na orodha haijakoma tangu hapo. Wafuasi wa mhubiri William Miller kule Marekani walizihesabu zile siku 2,300 za Danieli 8 wakamngojea Kristo tarehe 22 Oktoba 1844. Kulikucha kama kawaida. Hesabu za namna hii zina utamu wake, lakini sijaona mtu aliyezidi upendo au uvumilivu kwa sababu yake.

La pili ndilo linalostahili jioni nzima, kwa kuwa jibu lake ni ndiyo, na wengi wakishaipata hiyo ndiyo hawataki kusikia zaidi. Danieli 2:21 inasema Mungu "huuzulu wafalme na kuwamilikisha wafalme." Mstari huo haukwepeki. Ila ukishausoma, usifunge Biblia. Endelea uone wafalme wenyewe walikuwa watu wa namna gani.

Mfalme wa Ashuru katika Isaya 10 ni fimbo ya hasira ya Mungu, na sura hiyo hiyo inatangaza kwamba ataadhibiwa kwa kiburi chake: "Je! Shoka lijisifu juu yake alitumiaye?" Nebukadreza anaitwa mtumishi wa Mungu katika Yeremia 27, naye ndiye ambaye jeshi lake liliteketeza hekalu la Yerusalemu mwaka 586 KK. Koreshi, mfalme wa Uajemi, anaitwa masihi wa Bwana, yaani mpakwa mafuta wake, katika Isaya 45, kisha mara mbili anaambiwa, "ingawa hukunijua." Aliiteka Babeli mwaka 539 KK, na Wayahudi wakaruhusiwa kurudi kwao. Ile silinda ya udongo yenye tangazo lake, iliyofukuliwa Babeli mwaka 1879 na kuhifadhiwa British Museum, London, inamtaja Marduki, mungu wa Babeli, kuwa ndiye aliyempa ushindi. Kwa hiyo anayemwita kiongozi wake "Koreshi wa leo" hajasema lolote kuhusu tabia ya kiongozi huyo, wala imani yake, wala kama anastahili kutetewa kila anapokosea.

Sasa, ukiwa na muda wa kusoma sura moja tu juu ya unabii na siasa, soma Yeremia 28. Yeremia yuko hekaluni na nira shingoni, akiwaambia watu wajitie chini ya Babeli. Nabii mwingine, Hanania, anasimama mbele ya makuhani na watu wote: ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vilivyochukuliwa Babeli vitarudi, mfalme Yekonia aliyepelekwa huko naye atarudi. Ujumbe mzuri, wa kizalendo, wenye jina la Bwana ndani yake. Yeremia anajibu, "Amina." Angefurahi iwe hivyo! Anaongeza tu kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake litakapotimia. Hanania anaivunja ile nira, na Yeremia anaondoka zake. Baadaye ndipo neno la Mungu linamjia, naye anarudi nalo. Hanania alitabiri mwezi wa tano, na mwezi wa saba alikuwa amekufa.

Mimi hukaa sana kwenye kule kuondoka. Hakubishana wala hakutafuta wafuasi. Ndiyo maana mtu akiniletea sauti iliyorekodiwa ya nabii aliyetaja jina la mshindi wa uchaguzi, namshauri aandike tarehe na maneno yenyewe kwenye daftari, asiisambaze sauti hiyo kwa mtu mwingine, kisha angoje. Na nabii anayewaambia wasikilizaji wake kila mara kile walichokuwa wakikitamani, huyo mpime mara mbili.

Kungoja si kulala. Wale waliopelekwa uhamishoni waliambiwa, katika Yeremia 29, wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee mji uliowateka. Danieli alipoona katika maandiko ya Yeremia kwamba miaka 70 inaelekea kutimia, hakuanza kampeni. Alifunga, akavaa magunia, akaungama dhambi za taifa lake mwenyewe. Na mbele ya Nebukadreza hakuwa mpambe. Katika Danieli 4 anafadhaika kwanza kwa ndoto inayomtisha mfalme, halafu anamwambia usoni aache dhambi zake na kuwahurumia maskini.

Hapo ndipo nawapa watu kazi ya wiki. Mtaje mtawala wako katika maombi kwa jina lake, hata kama hukumpigia kura. Kisha andika jambo moja ambalo ungemwambia kama Danieli, kuhusu maskini walio chini yake. Wanaompenda hupata shida kwenye hilo la pili. Wasiompenda hukwama kwenye la kwanza.