Kwa wadogo zangu mnaoanza kuigiza hapa Mwanza

Sijawahi kuwa staa wa filamu yoyote. Kwa miaka 18 nimekuwa mlinzi, baba mkwe, dereva wa daladala, mwenyekiti wa kijiji. Sini mbili tatu, nimemaliza. Hiyo ni kazi kamili, na naipenda.

Kosa ninaloliona kila mara ni hili: kijana anapewa uhusika wa mvuvi, anakariri maneno usiku kucha, halafu anafika seti mikono yake haijui kitu. Hata mimi nililifanya. Nilicheza mchuuzi anayenunua dagaa, tunarekodi mwaloni Kirumba, pale soko la samaki, maneno yote ninayo. Mama mmoja muuzaji akaniita pembeni: "Baba, mnunuzi wa kweli hashiki dagaa hivyo." Akachota kiganja kimoja, akamwaga, akanionyesha mchanga uliobaki mkononi. Kisha akamvunja dagaa mmoja. Akikatika kwa mlio, amekauka, akipinda, bado. Tuliporudia nikafanya vile vile bila kusema neno, na dairekta akaifuta nusu ya mistari yangu. Haikuhitajika tena.

Mwezi Juni nendeni Bujora, pale Kisesa, kwenye ngoma za Bulabo, sikukuu ya Wasukuma. Bagika na Bagalu, vikundi viwili vya ngoma vinavyoshindana, wanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Simama katikati uangalie ni kitu gani kinawahamisha watu upande. Mimi nimejifunza pale kuliko kwenye semina zote nilizohudhuria.

Halafu lafudhi. Ukipewa kucheza Msukuma, tafadhali usimfanye zuzu. Bibi zetu wanazungumza hivyo wakiwa na akili timamu, wanasomesha watoto na kuamua kesi za ukoo. Mtu acheke kwa alichosema mhusika, si kwa anavyokitamka. Marehemu King Majuto, mchekeshaji wetu, alibaki mtu wa Tanga hadi anafariki mwaka 2018, na nchi nzima ilimwelewa.

Malipo andikianeni kabla kamera haijawashwa, hata kwenye karatasi ya daftari. Kuna kampuni ilinizungusha miezi minane, na nauli ya kwenda Sengerema nilijilipia.

Jumamosi hii amka saa kumi na moja alfajiri, shuka mwaloni, simu iache mfukoni. Nunua dagaa wa buku. Muulize mama wameanikwa wapi, kisha nyamaza umsikilize anavyojibu.